Mwaka wa mafuta Italia: zeituni, shahamu na siagi

Kwenye vilima vya Toscana na Umbria kuna mizeituni mingi isiyo na mtu wa kuichuma. Wenye mashamba wamezeeka, watoto wao wako mjini, kwa hiyo jirani au mgeni huambiwa: chuma wewe, peleka kinuni, mafuta tugawane nusu kwa nusu. Mgeni huitikia haraka kwa kuwa anaona mafuta ya bure. Afanye hesabu kwanza.

Mti wa huko, mwaka ukiwa mzuri, hutoa kilo 10 hadi 20 za zeituni. Tuseme umepewa miti 30, kila mmoja kilo 12. Hizo ni kilo 360. Kwa reki ndogo ya mkono mtu mzoefu hukwangua kama kilo 10 kwa saa, kwa hiyo una saa 36 za kazi mbele yako, na mwezi wa Novemba jua huzama karibu saa kumi na moja jioni. Kinu, kwa Kiitaliano frantoio, hutoza kwa kila kilo 100 za zeituni, kwa kawaida euro 15 hadi 25. Ukipata asilimia 13 ya mafuta utatoka na kilo 47, ambazo ni lita 51, maana lita moja ya mafuta ya zeituni ina gramu 916 hivi. Jilipe euro 10 kwa saa, ongeza euro 72 za kinu, gawa kwa lita 51: kila lita imekula euro 8 na nusu, na bado hujahesabu nyavu, petroli, makopo na kazi ya kupogoa miti mwezi Machi. Kama gharama zote umebeba wewe kisha ukatoa nusu ya mafuta, lita yako imefika euro 17. Kwa bei hiyo ungeenda kununua kinuni ukalala. Ndiyo maana jambo la kwanza la kukubaliana, kabla hata ya kutandika wavu, ni nani analipa kinu na kama malipo yatatolewa kabla au baada ya kugawana.

Hesabu hiyohiyo inakusaidia hata kama hutagusa mti maisha yako yote. Mwaka 2024 bei ya jumla ya mafuta ya Italia ya daraja la juu ilipita euro 9 kwa kilo. Ukiiona chupa ya lita moja ya euro 5 dukani, igeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta imeandikwa "miscela di oli di oliva originari dell'Unione Europea", yaani mchanganyiko wa mafuta kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, hata kama mbele kuna bendera na picha ya kijiji cha Italia. Kuchanganya si kosa la kisheria na mafuta hayo si lazima yawe mabaya, ila usiyalipie bei ya Umbria.

Sasa kuchuma. Saa ya kuanza ni pale kama nusu ya zeituni zimegeuka kutoka kijani kwenda zambarau. Wengi husubiri ziwe nyeusi zote kwa sababu wanaona asilimia ya mafuta inapanda kila wiki. Inapanda kweli, lakini sehemu kubwa ya kupanda huko ni tunda kupoteza maji: mafuta yaliyo juu ya mti karibu ni yaleyale, uzito ndio uliopungua. Wakati huo ile ladha chungu na kali inashuka, zeituni zinaanza kuanguka zenyewe, na inzi wa zeituni anaendelea kutaga. Inzi huyu, mosca olearia, ndiye aliyeharibu mavuno ya 2014 karibu Italia nzima. Kata zeituni kadhaa kwa kisu kabla ya kuamua. Ukiona njia za kahawia ndani ya nyama na kifunza cheupe, usingoje wiki nyingine.

Mashamba mengi ya katikati ya nchi yana miti yenye mashina matatu au manne yanayotoka kisiki kimoja. Hilo limetokana na baridi kali ya Januari 1985, iliyoua mizeituni hadi usawa wa ardhi, halafu machipukizi yakatoka kwenye mizizi. Miti hii ni mifupi na rahisi kuifikia kwa reki, lakini kutandika wavu katikati ya mashina ni usumbufu. Tumia nyavu mbili, moja kila upande, zipishane sentimita 30 katikati, la sivyo zeituni zitapita kwenye mwanya na kuteremkia bondeni. Zilizokuwa zimeanguka kabla hujatandika ziache hapohapo. Kilo 5 za zeituni za chini zinatosha kutia harufu ya udongo na ukungu kwenye kilo 300.

Usitie zeituni kwenye magunia wala mifuko ya plastiki. Tunda linapumua hata baada ya kuchumwa, na likirundikwa linapata joto lenyewe, linaanza kuchacha. Tumia kreti zenye matundu, zisizozidi kilo 20 hadi 25, zikae kivulini na upepo upite. Peleka kinuni ndani ya saa 24, na ikiwezekana siku ileile jioni. Mvua ikinyesha, subiri majani yakauke. Zeituni zilizochumwa zikiwa zimelowa hazivumilii hata usiku mmoja.

Kinu kinataka miadi. Katika wiki za kilele, mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, anayefika bila kupanga anakaa hadi usiku, na kreti zake zinakaa naye. Uliza pia kiwango cha chini cha kusagiwa peke yako. Vinu vingi vinataka kilo 200 au 300. Ukileta pungufu, ama zeituni zako zitachanganywa na za wengine, ama utapewa mafuta yaliyokwisha kukamuliwa kulingana na uzito uliopeleka. Njia hii ya pili haina ubaya kama umeyaonja hayo mafuta. Lakini mtu aliyechuma kwa uangalifu, akasafisha, akakimbiza, halafu akapewa mafuta ya zeituni za jirani zilizolala siku nne kwenye magunia, ana haki ya kukasirika. Jiunge na jirani unayeamini uchumaji wake mfikishe kilo zinazohitajika.

Ndani ya kinu fuata kreti zako. Zeituni zinapulizwa majani, zinaoshwa, zinasagwa pamoja na kokwa zake, kisha rojo linakorogwa polepole kwenye beseni la chuma kwa dakika 20 hadi 40. Hapo ndipo matone madogo ya mafuta yanakutana na kuwa makubwa. Joto la rojo ndilo la kuangalia: ili chupa iandikwe "estratto a freddo", halitakiwi kuzidi nyuzi 27. Mwenye kinu anaweza kukuuliza kama unataka aongeze joto kidogo ili upate mafuta zaidi. Kwa nyuzi 32 utapata lita chache za ziada na kupoteza harufu nzuri, ambayo ndiyo sababu ya kuhangaika kote huko. Mkatalie kwa adabu. Kipimo cha joto kiko kwenye beseni, kinaonekana.

Baada ya hapo mashine inazungusha rojo kwa kasi na kutenga mafuta, maji na machicha. Kumbuka kwamba mashine haianzi tupu: lita za kwanza zinazotoka zimebeba mabaki ya mteja aliyekutangulia. Ukiweza, chukua miadi ya asubuhi mashine ikiwa imeoshwa. Wageni hupenda vinu vya mawe na mikeka, vile vya picha za kalenda. Vinapendeza kuvitazama, ila mikeka ile haioshwi ikatakata, na mabaki ya jana huchachisha mafuta ya leo. Mimi chuma cha pua nakiamini zaidi.

Mafuta yanatoka ya kijani, yamejaa ukungu kama wa asubuhi, na harufu yake inajaza chumba kizima. Ukungu huo ni maji na chembe za tunda. Watu huusifu kana kwamba ni alama ya uasilia, na kwa wiki chache za kwanza hauna shida. Ukiuacha, chembe zinazama na kuwa mashapo meusi, Waitaliano huyaita morchia, nayo yanaoza chini ya pipa na kunukisha mafuta yote. Ama lipia kuchujiwa hapohapo kinuni, ama hamisha mafuta kwenye chombo kingine safi baada ya siku 30 hadi 40, na mara nyingine mwezi Februari au Machi. Chombo kiwe cha chuma cha pua chenye bomba juu kidogo ya sakafu yake, kikae kwenye nyuzi 14 hadi 18, mbali na mwanga. Usikiweke karibu na vitunguu, rangi, dizeli wala mtungi wa mvinyo ulio wazi, maana mafuta hunyonya harufu. Chombo kikifika nusu, hamishia kwenye kidogo: hewa iliyo juu ya mafuta ndiyo inayoyazeesha.

Kuonja kunafundishika kwa jioni moja. Mimina kijiko kimoja kwenye glasi ndogo, ifunike kwa kiganja, ishike mpaka ipate joto la mkono. Waonjaji rasmi hutumia glasi ya rangi ya buluu wasione rangi ya mafuta, kwa kuwa rangi haisemi chochote kuhusu ubora. Nusa, kisha vuta mafuta kidogo pamoja na hewa kupitia meno, sambaza mdomoni, meza, subiri. Mafuta mazuri yana vitu vitatu: harufu ya tunda bichi, uchungu ulimini, na muwasho kooni unaokuja nyuma kidogo na pengine kukukohoza. Muwasho huo wengi huuita asidi na kudhani mafuta yameharibika. Ni kinyume chake. Unatokana na oleokantali, kemikali ambayo mwaka 2005 watafiti walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba inafanya kazi kama dawa ya ibuprofeni. Asidi ya mafuta haionjeki kwa ulimi. Inapimwa maabara tu. Daraja la juu, extra vergine, linaruhusu hadi asilimia 0.8, vergine hadi asilimia 2, na zaidi ya hapo ni lampante, yaani mafuta ya zeituni ya kuwashia taa, yasiyouzwa kwa kula mpaka yasafishwe kiwandani. Tena haitoshi kufaulu maabara: jopo la waonjaji likikuta kasoro, chupa inashuka daraja.

Kasoro zenyewe ni chache. Riscaldo ni ya zeituni zilizorundikwa zikapata joto, muffa ni ukungu wa kreti zenye unyevu, avvinato ni harufu ya siki na mvinyo, na rancido ni uzee: mafuta yananuka karanga za kale na kuacha utando mdomoni. Hii ya mwisho ndiyo iliyo kwenye jikoni nyingi, na wenye jikoni wameizoea hadi wanaona ndiyo ladha ya zeituni.

Tatizo linalofuata ni kwamba watu wakishapata mafuta mazuri wanayamimina kwenye kila kitu. Hapo jiografia inaanza kuuma.

Liguria, ufukwe mwembamba wa kaskazini magharibi, hukamua Taggiasca, zeituni ndogo yenye mafuta matamu yanayokumbusha lozi, makali kidogo tu. Hayo ndiyo ya pesto, mchuzi wa mrehani uliopondwa, na ya samaki wa kuchemsha. Ukitengeneza pesto kwa mafuta ya Coratina ya kaskazini mwa Puglia, yaliyo miongoni mwa machungu kuliko yote nchini, mrehani unapotea na unabaki unakula uchungu. Coratina hiyohiyo iweke juu ya fave e cicoria, maharage mapana makavu yaliyopondwa pamoja na mboga chungu za majani, uone ilivyozaliwa kwa kazi hiyo. Toscana na Umbria wana aina za Frantoio (jina lilelile la kinu), Leccino na Moraiolo. Mafuta yao yana harufu ya nyasi na atichoki na yanawasha, nayo humiminwa mabichi juu ya maharage meupe ya kuchemsha, supu ya mkate na nyama ya kuchoma. Sicilia ina Nocellara del Belice magharibi na Tonda Iblea kwenye milima ya kusini mashariki, zote zenye harufu ya nyanya mbichi. Weka kwenye saladi ya machungwa, nyanya, au tuna. Ziwa Garda, kaskazini kabisa ambako joto la maji linailinda mizeituni, hutoa Casaliva ya upole, ghali kwa sababu ni kidogo. Sardinia ina Bosana. Calabria ina Carolea, na bei zake bado ni za kibinadamu.

Puglia ndiyo inayotoa mafuta mengi kuliko mkoa wowote, lakini kusini yake, Salento, imepigwa vibaya. Mwaka 2013 bakteria Xylella fastidiosa iligunduliwa karibu na Gallipoli. Inaenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, nayo inaziba mishipa ya maji mpaka mti unakauka kuanzia kwenye ncha. Aina za kale za huko, Ogliarola na Cellina di Nardò, hazina kinga. Wanaopanda upya hupanda Leccino na Favolosa, zinazovumilia. Kwa hiyo anayekuuzia leo mafuta ya mizeituni ya karne nyingi ya Salento kwa bei ya chini, muulize shamba liko wapi hasa.

Lebo inasaidia ukijua pa kutazama. DOP inamaanisha zeituni zilikuzwa na kukamuliwa eneo lililotajwa. Sabina, Brisighella na Canino ni miongoni mwa za kwanza kusajiliwa, mwaka 1996. IGP ni pana zaidi, kama Toscano ya 1998. Muhimu kuliko zote hizo, kwangu, ni "campagna di raccolta", msimu wa mavuno, unaoandikwa kwa miaka miwili, kwa mfano 2024/2025. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikuambii kitu, kwa kuwa inahesabiwa kutoka siku ya kujaza chupa na mafuta yanaweza kuwa yalikaa pipani mwaka mzima kabla ya hapo. Na maneno "prima spremitura" yasikupandishe bei: siku hizi karibu yote hukamuliwa mara moja tu.

Ikifika Desemba na Januari, vijijini wanachinja nguruwe, na hapa lazima nivunje picha ambayo wengi tunakuja nayo, kwamba Italia nzima hupika kwa zeituni. Kwa vizazi vingi mafuta ya zeituni yalikuwa ya kuuza, ya taa na ya siku za mfungo. Mafuta ya kila siku ya mkulima wa Emilia, Romagna, Lazio au Campania yalikuwa shahamu.

Majina yake yanachanganya, na kuchanganya huku kunaharibu mapishi. Lardo ni mafuta ya mgongoni yaliyotiwa chumvi na viungo, hayajayeyushwa. Ya Colonnata, kijiji cha machimbo ya marumaru karibu na Carrara, hulazwa angalau miezi 6 kwenye masanduku ya marumaru pamoja na chumvi, pilipili manga, rosmarino na vitunguu saumu, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuliwa bila kupikwa. Strutto ni shahamu iliyoyeyushwa na kuchujwa, nyeupe, ya kukandia na kukaangia. Sugna ni shahamu ya kuzunguka figo, ndiyo bora kwa kuyeyusha, ingawa Napoli neno hilo ni strutto yenyewe. Guanciale ni shavu, la mchuzi wa amatriciana, na pancetta ni tumbo.

Kuyeyusha strutto si kazi ngumu ila haitaki haraka. Kilo moja ya shahamu ya figo, toa utando na kila alama ya damu, katakata vipande vya sentimita 2. Tia kwenye sufuria nzito pamoja na mililita 100 za maji. Maji yanazuia vipande vya chini kuungua kabla mafuta hayajaanza kutoka. Moto mdogo kabisa, masaa mawili au zaidi, ukigeuza mara kwa mara. Mwanzoni inachemka kwa kelele, povu jeupe. Kelele zikipungua na vipande vikawa na rangi ya dhahabu, maji yameisha. Zima. Chuja kwa kitambaa kwenye mitungi mikavu kabisa, maana tone moja la maji chini ya mtungi ni ukungu wiki tatu baadaye. Utapata gramu 700 hadi 800. Ikiganda iwe nyeupe na karibu haina harufu. Ikiwa ya kahawia umeiunguza, na kila keki utakayoikandia itanuka nyama. Vipande vilivyobaki, ciccioli, hukamuliwa na kutiwa chumvi, huliwa na mkate, na ndivyo vinavyogombewa.

Strutto ina kazi ambazo mafuta ya maji hayaziwezi. Kwa kuwa imeganda, inapaka chembe za unga na kuzizuia zisishikane, kwa hiyo unga unakatika badala ya kuvutika. Piadina ya Romagna, ambayo ni binamu wa chapati isiyokunjwa, hukandwa kwa unga gramu 500, strutto gramu 100, chumvi gramu 10 na maji vuguvugu mililita 170 hadi 200. Inapumzika nusu saa, inasukumwa, inachomwa kwenye chuma kikavu cha moto. Ukiweka mafuta ya zeituni mililita 60 badala yake inafaa, lakini inakauka upesi, kwa hiyo uile ikiwa moto.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyegusa kitimoto, hapa ndipo pa kufungua macho, maana nguruwe hajifichi kwenye nyama tu. Yumo kwenye piadina nyingi za dukani, kwenye mkate wa coppia ferrarese, kwenye gnocco fritto ya Modena, kwenye taralli za Napoli za pilipili manga, kwenye casatiello ya Pasaka, kwenye sfogliatella, kwenye ganda la cannoli ya Sicilia ambalo hukandwa kwa strutto na mara nyingi hukaangwa ndani yake, na kwenye seadas za Sardinia zinazoonekana kuwa jibini na asali peke yake. Hata focaccia na grissini za viwandani nyingine zinayo. Kwenye lebo tafuta strutto, sugna, lardo, au "grassi animali". Kwa vitu vya kupima kwenye duka la mkate, omba kuona orodha ya viambato, au uliza tu: "C'è strutto?" Hakuna anayekasirika. Kule Romagna piadina "all'olio" inauzwa rafu ileile.

Ukipanda bonde la mto Po, Lombardia na Piemonte, meza inageuka tena: ng'ombe, jibini, siagi. Hapa kosa la wageni ni kupika risotto yote kwa zeituni kwa kudhani ndiyo afya. Mchele wa gramu 320, wa watu wanne, humaliziwa kwa gramu 60 hadi 80 za siagi baridi kutoka frijini, sufuria ikiwa imeshatolewa motoni. Siagi ikiwa laini, au moto ukiwa bado unawaka, mafuta yanajitenga na kuelea juu badala ya kushikana na wanga. Cotoletta ya Milano, kipande cha nyama ya ndama kilichopakwa chenga za mkate, hukaangwa kwa siagi iliyosafishwa, na wapishi wetu wanaojua samli wana faida hapa, kwa tofauti moja: yao hairuhusiwi kubadilika rangi. Gramu 250 za siagi zitakupa karibu 200 baada ya kutoa povu na maziwa ya chini. Siagi ya kawaida huungua upesi, kwa sababu ya hayo maziwa, na mkate wa juu ya nyama unatoka na madoa meusi. Ukinunua siagi kwenye eneo la Parmigiano, tafuta maandishi "da panna centrifugata". Nyingi ya huko hutokana na krimu iliyoenguliwa wakati wa kutengeneza jibini, na imeshaanza kuwa chachu.

Piemonte hiyohiyo, isiyo na mizeituni ya kutosha, ina bagna cauda, mlo unaolelewa na zeituni ya Liguria iliyovushwa milimani. Kila mlaji anahesabiwa kichwa kizima cha vitunguu saumu, gramu 50 za dagaa wa anchovi wa chumvi waliooshwa, na nusu glasi ya mafuta, na wenye nacho huongeza mafuta kidogo ya walnati, ambayo ndiyo yalikuwa ya kienyeji. Moto uwe mdogo kiasi kwamba vitunguu havibadiliki rangi kwa nusu saa. Vikigeuka kahawia ni vichungu, na hakuna kiungo cha kuvirekebisha.

Kuhusu kukaanga kwa extra vergine, mjadala ni mrefu kuliko unavyostahili. Huanza kutoa moshi kati ya nyuzi 190 na 210, na kukaanga kunataka 170 hadi 180. Inawezekana, na Puglia wanafanya hivyo tangu zamani. Ila usichukue ya euro 18. Tumia ya msimu uliopita, isiyo na kasoro lakini iliyopungua harufu. Ikishatumika mara mbili tatu na ikaanza kutoa povu lisilokufa, isimwagwe kwenye sinki. Tia kwenye chupa uipeleke kituo cha taka cha manispaa, isola ecologica, ambako wanaipokea bila malipo.

Wanaobeba mafuta kwenda nyumbani, Mombasa, Tanga au Unguja, wachukue makopo ya bati ya lita 3 au 5, siyo chupa. Bati halipitishi mwanga na halivunjiki kwenye begi la chini ya ndege. Kopo la lita 3 lina zaidi kidogo ya kilo 2.7 za mafuta, ongeza bati lenyewe. Funga kizibo kwa mkanda wa gundi, tia kwenye mifuko miwili. Kwenye nyumba ya pwani yenye nyuzi 30, kopo lililofunguliwa halikai kama linavyokaa Umbria. Mimina nusu lita kwenye chupa nyeusi ya kutumia, gawanya yaliyobaki kwenye chupa nyingine zilizojaa hadi shingoni, ziweke frijini. Yataganda na kuwa meupe, na wengi hapo hudhani wameuziwa bandia au, kinyume chake, hufurahi kwamba wamethibitisha ni halisi. Kuganda hakuthibitishi lolote. Toa chupa jioni, asubuhi itakuwa imeyeyuka, nayo uimalize ndani ya wiki sita.